Nimeitwa parke (kwa waendesha mashitaka) kwa ugomvi wa likelemba: niende au nikimbilie Likasi?

Papa Karani, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, na nauza makayabo, samaki wa chumvi, katika soko la mtaa wa Kenya. Sisi akina mama 10 wa safu yetu tuna likelemba: kila Jumamosi kila mmoja anatoa dola 20, na zote zinaenda kwa mwenye zamu. Ilipofika zamu yangu, mama anayetunza pesa alinipa dola 60 tu, akasema zile 140 zitakuja. Mwezi wa tatu huu nangoja. Kila nikiuliza naambiwa Jumamosi.

Siku moja nikamkuta anafungua mzigo mpya wa nguo za mtumba, bado una kamba zake. Moyo ukanipanda. Nikamwambia mbele ya soko zima: wewe ni mwizi, pesa za likelemba ndizo unanunulia mizigo. Akanishika kitambaa changu cha kikwembe hapa kifuani, nami nikamsukuma. Akaangukia meza ya jirani, mkono ukapinda. Papa Karani, sikumpiga hata kofi.

Kesho yake ikaja konvokasyo, karatasi ya wito wa polisi. Nikaenda. Walinikalisha kwenye benchi tangu asubuhi. OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi, aliniuliza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kifaransa, kisha akanigeuzia karatasi na kuniambia nitie saini. Nikatia. Hapo akasema nitoe dola 150 za faini, mambo yaishe. Sikuwa nazo. Mtoto wa ndugu yangu, aliyekuwa ameniletea chakula, akaambiwa kwamba nikitoroka ataingia yeye kasho, mahabusu. Jioni wakaniachilia.

Sasa nimepata karatasi ya parke: nifike Alhamisi ijayo asubuhi. Wameandika kupiga na kujeruhi, na kuchafua jina la mtu. Mume wangu anasema nipande basi niende Likasi kwa dada yangu mpaka mambo yapoe. Mchungaji anasema twende tukaombe msamaha, basi itakuwa imeisha. Tena kuna komisyoneri mmoja, dalali anayeshinda nje ya parke, anasema kwa dola 200 faili italala. Niende au nisiende? Watanipeleka gerezani Kasapa? Nikifika niseme nini? Na pesa yangu je, ndiyo imepotea?

Mama wa Katuba

* * *

Mama wa Katuba, pole na mshituko. Swali lako la kwanza lina jibu fupi: nenda. Alhamisi uwe pale kabla ofisi hazijafunguliwa, umekula, umevaa vizuri, karatasi zako ziko ndani ya bahasha. Mume wako anakuhurumia, hilo naliona, lakini ushauri wake wa Likasi ndio unaoweza kukufikisha Kasapa.

Sheria yetu ya Kongo ya mwenendo wa kesi za jinai, ile ya tarehe 6 Agosti 1959, haimpi majistra wa parke (mwendesha mashitaka) ruhusa ya kumfunga mtu kabla ya hukumu kwa kupenda tu. Kuwe na dalili nzito kwamba mtu alitenda kosa, na kosa lenyewe liwe la kifungo kinachofika miezi 6. Kwa kosa lililo chini ya hapo, atafute sababu nyingine juu yake: hofu kwamba mtu atatoroka, au kwamba haijulikani yeye ni nani hasa, au hali nzito isiyo ya kawaida inayogusa usalama wa watu. Sitakudanganya, Mama: makosa uliyoandikiwa yanafika miezi hiyo 6, kwa hiyo mlango wa kufungwa upo. Ila Katiba, ibara ya 17, inasema wazi kwamba uhuru ndio kanuni na kumfunga mtu ni jambo la pekee. Katika kuamua kama mlango huo utafunguliwa au la, majistra anatazama jambo moja kuliko yote: nikimwachilia huyu, nikimwita tena atakuja?

Wewe una nyumba Katuba, una watoto shuleni, una meza sokoni ambayo kila mtu anaijua. Tena polisi walikuita ukaenda kwa miguu yako. Hakuna wa kusema utatoroka, mpaka siku utakayotoroka. Ukipanda basi la Likasi umemwandikia majistra sababu kwa mkono wako mwenyewe. Na konvokasyo ikipuuzwa, inayofuata ni hati ya kukuleta kwa nguvu. Hiyo hailetwi na mtu mmoja mwenye kalamu.

Ndiyo maana ya ile bahasha. Weka kadi yako ya mpiga kura na nakala yake, karatasi ya makazi kutoka kwa shefu wa mtaa, risiti za shule za watoto, na ile konvokasyo yenyewe. Majistra akianza kuuliza unakaa wapi, usianze kumweleza njia ya vumbi na mwembe wa kona. Mpe karatasi.

Sasa tuangalie uzito wa kosa, maana hapa ndipo watu wanapotishwa ovyo. Kanuni ya adhabu tunayotumia ni ya tarehe 30 Januari 1940, pamoja na mabadiliko yake. Kumpiga au kumjeruhi mtu kwa makusudi, bila kitu kingine, adhabu yake ni kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, na faini, au kimojawapo. Kumsukuma mtu akaanguka kunaweza kuingizwa humo hata kama hukumpiga kofi, kwa hiyo usiende kule kubishana juu ya kofi. Lakini majeraha yakileta ugonjwa, au yakimfanya mtu ashindwe kufanya kazi yake, tunatoka kwenye miezi tunaingia kwenye miaka: kuanzia 2 hadi 5. Umeona pengo hilo? Mkono uliovimba na mkono uliovunjika si faili moja.

Kwa hiyo karatasi iliyo kubwa kuliko zote katika jambo lako ni cheti cha daktari. Wewe katika barua yako hukukitaja hata mara moja, na nadhani hujui kama kipo. Ujue. Nani alikiandika, siku gani, kimetaja siku ngapi za kutofanya kazi? Cheti cha siku ileile kutoka hospitali ni kitu kimoja. Cheti kilichoandikwa wiki mbili baadaye ni kingine, na anayekutetea anayo haki ya kukiulizia. Kama mama huyo kesho yake alikuwa sokoni ananing'iniza nguo zake kwa mikono miwili, wapo waliomwona. Andika majina yao sasa, kabla hawajasahau au kuogopa. Ila usimpige picha kwa kujificha. Utaongeza ugomvi juu ya ugomvi.

Kuhusu neno "mwizi". Nilikaa miaka mingi kwenye meza ya karani, na kila juma alikuwapo mtu anayepiga kifua akisema: lakini ni kweli! Mama, kusema kwamba ni kweli hakukuokoi. Kumtaja mtu mbele ya watu, kwa nia mbaya, kwamba ametenda jambo fulani la kumvunjia heshima kunaadhibiwa kwa kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1. Matusi ya hadharani yasiyotaja tendo lolote ni mepesi zaidi, siku 8 hadi miezi 2. Yeye kukudai hakudai, wewe ndiye unayemdai; hata hivyo soko si mahakama. Basi tangu leo, usilirudie neno hilo. Si parke, si sokoni, si kanisani, wala kwenye WhatsApp ya likelemba. Sema "bado namdai dola 140" ukitaka, lakini "mwizi" uliache.

Twende kwenye ile saini. OPJ alikuuliza kwa Kiswahili, akaandika PV, yaani maandishi ya mahojiano, kwa Kifaransa, ukatia saini bila kujua kilichoandikwa. Hilo linawapata wengi. Katiba, ibara ya 18, inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu, na mashitaka yote juu yake, katika lugha anayoielewa. Na Kiswahili ni moja ya lugha 4 za taifa zilizotajwa katika ibara ya 1. Kifaransa kinaweza kubaki kwenye karatasi, hakuna neno, lakini kabla ya kalamu yako kugusa chini, usomewe yote kwa Kiswahili, pole pole. Ukisikia "nilimpiga" mahali uliposema "nilimsukuma", sema: hapa nirekebishiwe. Wakikataa, sema hutatia saini na uombe waandike kwamba umekataa na kwa nini. Hilo si dharau. Kule parke majistra atakuhoji tena na kuandika PV yake, kwa hiyo nafasi ya kusahihisha bado unayo. Mwambie mwanzoni kabisa, kwa sauti ya kawaida: "Mheshimiwa, PV ya polisi sikusomewa kwa Kiswahili."

Kisha eleza mambo yalivyofuatana, mafupi. Mlikuwa na likelemba. Ulikuwa unadai. Ulisema maneno kwa hasira. Alikushika kikwembe kifuani kwanza, ndipo ukamsukuma ujitoe. Akaanguka. Basi. Jambo la kikwembe lisikupite, maana katika barua yako umelitaja kana kwamba ni kitu kidogo: nani alimgusa mwenzake kwanza ni swali ambalo majistra atalitafuta, na hakimu akifika huko anaweza kupunguza adhabu akiona sababu za kupunguza. Kama kikwembe kilichanika, usikishone bado. Kama jirani mwenye ile meza aliona, muulize kama yuko tayari kusema. Usimfundishe cha kusema.

Avoka, yaani wakili, unaruhusiwa kuwa naye tangu ngazi ya polisi. Ni ibara ya 19 ya Katiba inayosema hivyo. Kama huna pesa, baro, chama cha mawakili cha Haut-Katanga, ina wajibu wa kuwa na ofisi ya ushauri wa bure, ndiyo ile wanayoiita BCG, wajibu unaotoka katika sheria ya maavoka ya mwaka 1979. Pita huko kabla ya Alhamisi, uulize kama wanataka karatasi ya kuonyesha kwamba huna uwezo. Kuna pia wale watetezi wasio maavoka lakini wanaoruhusiwa kusimama katika mahakama ya amani. Wengi wao wanajua kesi za sokoni kuliko maavoka wenye viatu vya kung'aa. Yeyote utakayemchukua, kwanza muulize bei yote mpaka mwisho, na kila unachompa akuandikie.

Tufike kwenye pesa. Dola 150 zile si faini mpaka zitakapokuwa na karatasi ya Serikali. Ni kweli OPJ anaweza, kwa kosa ambalo anaona hakimu angeishia kutoza faini tu, kumwita mtu alipe kiasi fulani mambo yaishie hapo. Lakini pesa hiyo inaingia hazina ya Serikali. Haingii mfukoni, wala ndani ya droo. Kiasi chake kina mpaka katika sheria, kinaandikiwa hati, na mapato ya namna hiyo yako chini ya DGRAD, idara ya Serikali ya kukusanya mapato. Kulipa namna hiyo hakumaanishi kwamba umekiri, ila parke ikitaka bado inaweza kuendelea na kesi. Sasa wewe ungetoa dola 150 bila karatasi, na Alhamisi ungeitwa vilevile; ungemwonyesha majistra nini? Ulikosa pesa siku ile, na nadhani umaskini ulikufaa mara moja.

Dhamana ni kitu kingine, usivichanganye. Ikitokea majistra akaamua kukuzuia, hati yake ina nguvu ya siku 5, na ndani ya siku hizo inabidi ufikishwe mbele ya hakimu. Hakimu akikubali uzuiwe, ni siku 15 kwanza, kisha mwezi mwezi. Wakati wote huo unaweza kuomba kuachiliwa kwa muda. Wakikutaka uweke dhamana, pesa inawekwa kwa karani wa mahakama, kwa risiti, na kama ulifika kila ulipoitwa inarudishwa. Risiti hiyo akae nayo mume wako, siyo wewe. Nimeona watu wanadai dhamana zao kwa machozi, risiti imeliwa na panya.

Komisyoneri wa dola 200 sina mengi ya kumsemea. Faili haina usingizi. Mtu huyo atakula pesa yako, na siku utakapoitwa tena atakuwa nje palepale, amesimama na mama mwingine.

Kuhusu mtoto wa ndugu yako, uwe na amani. Ibara ileile ya 17 inasema makosa ya jinai ni ya mtu mwenyewe, hakuna anayekamatwa kwa tendo la mwingine. Kumweka kijana kasho mahali pako ni kinyume cha Katiba. Ila kwa kuwa kutishana kunaendelea, Alhamisi usiende naye. Nenda na mtu mzima mwenye simu yenye chaji, abaki nje ya ofisi, ajue jina la avoka wako. Na mkumbuke saa 48: polisi hawawezi kumshikilia mtu zaidi ya hapo bila kumwachilia au kumpeleka kwa mwenye mamlaka ya sheria. Huyo aliyebaki nje ndiye atakayehesabu.

Mchungaji wako sasa. Ana haki nusu. Kwenda kuomba msamaha ni jambo zuri, na kwa kosa kama hili ndilo linaloweza kumaliza zaidi ya maneno yote ya avoka. Lakini msamaha wa mdomo haufuti faili. Mlalamikaji akishasamehe, parke bado ina uwezo wa kuendelea, maana kesi ya jinai ni ya Serikali. Mara nyingi majistra akiona wahusika wamepatana anaifunga, ila anaona kwa macho: anaona karatasi. Basi usiende wewe kwake. Tuma kwanza akina mama wawili wa likelemba ambao yeye anawaheshimu, mchana, wasiwe na mtu wa kupiga kelele. Waulize ametumia pesa ngapi hospitalini. Ukiweza kulipa dawa, lipa, hata kidogo kidogo, na kila mara asaini kwamba amepokea. Mkielewana, iandikwe barua: majina yenu na namba za kadi, tarehe, ulicholipa, na sentensi moja wazi kwamba anaondoa mashitaka na hadai kitu kingine. Nakala 3, mashahidi 2. Moja inapelekwa parke, na ile ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama Alhamisi itafika kabla hamjapatana, nenda hivyo hivyo na umwambie majistra kwamba mazungumzo yameanza.

Ikishindikana na faili ikapelekwa mbele, itakwenda mahakama ya amani, ambayo tangu sheria ya mwaka 2013 inahukumu makosa yasiyozidi miaka 5. Huko nako ni kufika tu kila ulipoitwa. Anayehukumiwa bila kufika ana siku 10, tangu apelekewe hukumu, za kuipinga. Kukata rufaa nako ni siku 10. Siku hizo zinakwisha haraka kuliko unga wa bukari mwisho wa mwezi.

Pesa yako haijapotea, lakini usiitie katika kapu la Alhamisi. Ukianza na deni, majistra atasikia mtu anayetetea ngumi kwa sababu ya pesa. Akikuuliza ugomvi ulitoka wapi, hapo jibu, na uonyeshe nakala ya daftari la likelemba. Pata nakala hiyo leo, kwa sababu daftari liko mkononi mwa nani? Mwake. Muombe mama mwingine wa kikundi apige picha kurasa zote, si ukurasa wako tu. Usimkate dola za dawa kutoka kwenye dola zako kwa hesabu ya kichwani; kama mtapatana, deni liandikwe mstari wake na dawa mstari wake, na yeye atie saini kwamba anakubali 140. Kutumia pesa uliyokabidhiwa kwa kazi nyingine kunaweza kuwa kosa lenye kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5, kwa hiyo naye ana jambo la kuogopa, na akina mama mtakaowatuma wanaweza kumkumbusha hilo kwa upole. Mashitaka yako wewe juu yake yangoje kwanza. Ukiyapeleka Alhamisi, hakuna barua ya maelewano itakayoandikwa.

Na kama utafika ukaambiwa majistra hayupo, usigeuke tu kurudi Katuba. Omba sekretari aandike nyuma ya konvokasyo kwamba ulifika, na siku ya kurudi, agonge muhuri. Akikataa, chukua jina lake na saa, na umtumie avoka papo hapo.

Papa Karani